Safisha Kwanza, Mota Baadaye

Mazungumzo kwa mafundi wa mbao, Kyumbi



Machakos imesifika kwa vinyago tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipouleta ufundi huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo wapo mafundi wanaochonga nyumbani kwa mashine inayoongozwa na kompyuta.

Mashine ikianza kukosea vipimo, wengi hufikiria kununua mota kubwa. Mara nyingi tatizo ni vumbi kwenye reli, mkanda uliolegea au biti iliyokwisha makali. Biti hiyo huunguza mbao, na penye vumbi moto hushika haraka.

Kila jioni, fundi achomoe plagi, avae barakoa, aondoe vumbi na akaze nati.

Stima ikipotea katikati ya kazi, mashine nyingi za nyumbani hupoteza mahali zilipofikia. Fundi aipange tena kutoka alama ya kuanzia, la sivyo mlango mzima utaharibika.

Anayetaka kuiboresha aanze na kifyonza vumbi na swichi ya dharura. Mota kubwa ingoje fundi wa umeme mwenye leseni akague nyaya na ethi. Mota huongeza nguvu, haikazi kilicholegea.