Shughuli ni Watu: Kazi ya Pamoja Kama Msingi wa Sherehe za Jamii

Mada niliyopewa katika semina hii inauliza kwa nini watu husherehekea pamoja na jinsi jambo hilo linavyojenga jamii. Maana ya sherehe haitatuchelewesha, kwani kila aliyemo ukumbini anaijua. Itoshe kukumbusha kwamba mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu dini, alieleza kuwa watu wanapokusanyika na kutenda jambo moja huamshwa na hamasa ambayo mtu hawezi kuipata akiwa peke yake, na kwa hamasa hiyo hujiona kitu kimoja. Maelezo hayo tunayanukuu kila mara, lakini neno lenye uzito, yaani kutenda, tunalipita haraka.

Kiswahili hakikulipita. Unguja na Mrima arusi au maulidi huitwa shughuli, neno lile lile la kazi. Kabla ya siku yenyewe majirani huja kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu na kukuna nazi. Vijana hupasua kuni, huazima masufuria makubwa na kutandika majamvi. Chakula kikiiva, sinia moja huzungukwa na watu wanne au watano, mkono wa mwenye duka na wa mchukuzi katika pilau moja, na aliyeangukiwa na pande la nyama humsogezea mwenziwe. Shughuli ikiisha hubaki deni: waliokuja kwangu nitakwenda kwao. Kwa maoni yangu deni hilo, kuliko furaha ya siku moja, ndilo linalowafunga watu, na hulipwa kwa mikono.

Tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, unaofanyika mwezi Julai kufuata mwaka wa Nairuzi, ambao kwa miaka mingi uliwaongoza wakulima na wavuvi kuhesabu misimu. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, na kinachoelezwa ni kwamba kinyongo cha mwaka mzima humalizwa hapo. Shina la mgomba ni laini, limejaa maji. Humwuma mtu bila kumvunja. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba. Kwa wenyeji tukio lote halina mtazamaji: anayepiga hupigwa, na asiyepigana anaimba au anapika. Hata ushindani, kumbe, hujenga pale ambapo washindani wote wamo ndani. Vyama vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti, vilivyoenea Tanganyika katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vilishindana vikali kwa mavazi na gwaride, na vilevile vilikuwa vyombo vya wanachama kusaidiana.

Sasa niliseme tatizo ambalo wengi wetu tumelipigia kelele kwa miaka kadhaa bila kusikilizwa vya kutosha. Kwa nia njema kabisa, sherehe za jadi zinageuzwa maonyesho. Huanza kwa hema la wageni rasmi, ikafuata kamba ya kuzuia watu, kipaza sauti, ratiba ya hotuba, na mwishowe ngoma iliyokuwa ikichezwa hadi alfajiri hupewa dakika kumi. Wenyeji waliozaliwa ndani ya ngoma hiyo husimama nyuma ya kamba wakiitazama. Uwanja unaweza kujaa na tukaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa, ilhali hakuna aliyebeba kuni, na kwa hiyo hakuna anayemdai mwenziwe chochote kesho yake. Taarifa za namna hiyo zinatupotosha.

Yapo majibu mawili yanayotolewa. La kwanza ni kwamba utalii huleta fedha. Ni kweli, na sipingi mgeni. Makunduchi wenyewe huamini kuwa kupata mgeni siku hiyo ni heri. Lakini mgeni huyo hukaribishwa nyumbani akala na wenyeji, hakai kwenye kiti cha plastiki chenye tiketi. La pili ni zito zaidi: kazi ninayoisifu imewaelemea wanawake, na mpishi wa kukodi amewapumzisha. Hoja hii naikubali, tena kwa moyo wote. Hata hivyo dawa yake ni wanaume kushika mbuzi ya nazi na mwiko. Tukiiondoa kazi yenyewe, tutakuwa tumeondoa na sababu ya watu kuhitajiana.

Kwa kuzingatia mipaka ya taasisi zetu, napendekeza bajeti za matamasha zianzie kwa wenyeji kabla ya jukwaa. Hotuba zitangulie siku moja au ziachwe. Vijana wapewe kazi za maandalizi pamoja na wazee wanaozijua. Na taarifa zetu zihesabu waliotenda, zisiishie kwa waliohudhuria. Narudia, bajeti ianzie kwa wenyeji. Hatuhitaji sheria mpya kwa hayo. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na ibara yake ya 15 inazitaka nchi zijitahidi kuzishirikisha kwa upana jamii zinazouunda na kuurithisha urithi huo, hadi katika usimamizi wake. Naiomba semina hii, kabla ya kufungwa leo, iazimie kwamba kamati ya maandalizi ya kila sherehe ya jadi tunayoifadhili iwe na wenyeji wengi kuliko maofisa.