Kisu cha Mfukoni au Zana ya Kwenye Funguo?



Swali tunaloletewa huwa fupi: ninunue kisu cha kukunja, au ile zana ndogo inayoning'inia kwenye funguo? Nasi hulijibu kwa swali jingine. Mwezi uliopita mkono wako ulitafuta nini ukakikosa? Aliyekosa makali ya kukatia kamba za mizigo hana haja sawa na aliyekosa bisibisi ya kukazia skrubu ya miwani.

Tofauti hiyo ina historia. Mwaka 1897 Karl Elsener wa Uswisi alisajili kisu chake cha maofisa. Kiini chake kilikuwa makali, na zana nyingine zilifuata. Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya kwa gari kuukuu la Fiat lililomsumbua njia nzima. Alikuwa na kisu mfukoni, lakini alichohitaji ni koleo. Mwaka 1983 akaanza kuuza zana ya kukunja iliyojengwa juu ya koleo. Vidude vya kwenye funguo vinavyouzwa leo vimetoka katika koo hizo mbili: vingine ni visu vilivyopunguzwa, vingine ni koleo au mikasi iliyopunguzwa. Kabla ya kuuliza bei, kikunjue ujue kiini chake ni kipi.

Usishawishiwe na hesabu ya kazi iliyoandikwa kwenye boksi. Pete ya kutundikia funguo huweza kuhesabiwa kuwa kazi, na kijiti cha kuchokolea meno vilevile. Kwa maoni yetu, mkazi wa mjini ambaye kazi yake kubwa ni kufungua vifurushi na kukata nyuzi hutoshelezwa na kidude chenye mkasi mzuri. Mkasi huo ataushika mara nyingi kuliko makali.

Lakini udogo una gharama yake. Kipimo kilichozoeleka cha visu vya kwenye funguo ni milimita 58 kikiwa kimekunjwa. Hushikwa kwa ncha za vidole, wala hakijazi kiganja. Ukikitumia kukata kamba nene, kitageuka mkononi. Aidha, vingi vya aina hii havina kufuli. Makali husimama kwa nguvu ya springi peke yake, na ukichoma kitu kigumu kwa ncha, au ukikandamiza kwa upande wa mgongo, hujikunja kuelekea vidoleni. Mwenye kazi ya kukata kila siku, iwe shambani, sokoni au bandarini, anunue kisu kinachojaza kiganja chenye kufuli imara, na zana ya kwenye funguo iwe nyongeza tu.

Dukani, kagua mbele ya muuzaji. Fungua makali na uyatikise kushoto na kulia: yakicheza kwenye ribiti yangali mapya, yatacheza zaidi baadaye. Yakunje, kisha utazame kama ukingo au ncha inajitokeza nje ya mpini, kwa sababu kidude hicho kitakaa mfukoni pamoja na mkono wako. Penye koleo, lifumbe ukilielekeza kwenye mwanga; midomo yake ikutane nchani bila kupishana.

Hapa tunasisitiza jambo moja. Koleo hizi ndogo huwa na mipini ya chuma kitupu, isiyo na kinga ya umeme. Tumesikia watu wakizisifu kwa kubania nyaya za soketi. Zisiguse waya wowote kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu na kuhakikiwa kuwa umezimika.

Wakazi wa pwani wasiyachukulie maneno "chuma cha pua" kuwa ahadi. Chumvi ya jasho na ya bahari huleta madoa ya kutu kwenye bawaba, mahali jicho lisipofika. Suuza kwa maji baridi, kausha kabisa, kisha tia tone la mafuta.

Msafiri naye husahau kwamba funguo zake zimebeba makali. Katika ukaguzi wa uwanja wa ndege kidude huweza kuchukuliwa kisirudishwe, hata kama ni zawadi ya marehemu baba. Kivue kwenye pete usiku wa kuamkia safari, ukiweke katika begi linalokwenda kwenye shehena. Aendaye Uingereza ajue pia kwamba huko kisu cha kukunja kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila kutoa sababu ni kile kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kile chenye kufuli tulichomshauri mkulima hakimo katika ruhusa hiyo.

Mwisho, dai risiti inayotaja chapa na aina ya kidude, wala si neno "kisu" peke yake. Ribiti ikilegea baada ya wiki mbili, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha ulichouziwa.