Kilimambogo: Safari ya Siku Moja Katika Mlima Mtakatifu

Leo nataka kuwaeleza habari za mlima mmoja katika nchi ya Kenya. Mtu akaaye mjini Nairobi aweza kuondoka kwake alfajiri, akaupanda mlima huo mpaka kileleni, akarudi kulala nyumbani kwake usiku ule ule. Mlima huo huitwa Kilimambogo.

Nyinyi wa Songambele, na nyinyi nyote wa Karagwe na Kyerwa, mmezaliwa katika nchi ya vilima, na jina la Songambele lenyewe ni neno la kumtia moyo mpandaji aliyechoka. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi hupanda vilima kila siku tuendapo shambani na kisimani, mlima wa Nairobi unatuhusu nini?" Unatuhusu, kwa kuwa wenyeji wa pale waliuhesabu kuwa mahali patakatifu, na habari zake zaweza kutufundisha namna ya kuitazama milima yetu wenyewe.

Kwanza nitataja njia. Msafiri hutoka Nairobi kwa gari, akaenda Thika, kisha hushika barabara ya Garissa. Baadaye huiacha barabara hiyo, akavuka mto Athi karibu na maporomoko yake makubwa, na safari yote ni kama kilomita 65. Mlima huonekana tangu mbali, maana umesimama peke yake katika nchi tambarare, kama mzee aliyeketi mbele ya baraza. Urefu wake ni mita 2,145 juu ya usawa wa bahari.

Sasa sikilizeni majina yake, kwa sababu kila kabila liliupa mlima huu jina kwa jambo lililoliona. Wamasai waliutazama kutoka nyikani wakauita Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa. Waswahili waliutaja kwa mbogo, ndio nyati, waliojaa katika msitu wake. Wakikuyu waliuita Kia-Njahi, na Wakamba Kyanzavi, na majina haya mawili ni ya jamaa moja, maana njahi ni zile kunde nyeusi za namna ya fiwi. Kwa Wakikuyu hata masika huitwa mvua ya njahi. Basi huyu aliona ukubwa, huyu mnyama, na huyu chakula na mvua. Mtu akiyajua majina yote manne, ameujua mlima nusu yake kabla hajainua mguu.

Utakatifu wake ulikuwaje? Wakikuyu walifundishwa na wazee wao kwamba Mungu, ambaye humwita Ngai, ana makao yake makuu juu ya Kirinyaga, ndio Mlima Kenya. Lakini ana na milima mingine ambayo hupumzika juu yake ajapo kuitazama nchi. Jomo Kenyatta, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Kenya mwaka 1964, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mila za Wakikuyu kilichotoka London mwaka 1938. Milima hiyo ni minne: Kirinyaga kaskazini, Kilimambogo mashariki, Ngong kusini, na Nyandarua magharibi. Hivyo ilikuwa kama nguzo nne za nyumba, na watu waliishi kati yake.

Mtu asiwacheke wazee hao. Upepo wenye unyevu ukikutana na mlima hupanda juu, na ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Mlima wenye msitu huyanywa maji hayo, kisha huyatoa polepole. Wazee hawakusoma elimu hiyo chuoni, lakini walijua kwamba mlima na mvua ni ndugu.

Haya, tupande. Mgeni hufika kwanza katika lango la hifadhi, kwa maana mlima huu umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967. Hapo huchukua askari wa wanyama mwenye bunduki, kwa sababu mbogo wangalipo, na mbogo hana simile. Kutoka langoni hata kileleni ni mwendo wa kilomita 9 kwa njia ya kuzungukazunguka. Chini ni nyasi na miti midogo. Juu msitu hufunga, jua hufichwa, na mtu husikia ndege asiowaona. Apandaye kwa pupa huchoka upesi. Afadhali kwenda pole pole, na kubeba maji ya kutosha.

Kabla ya kufika kileleni, njiani kuna makaburi. Mmoja aliyelala hapo ni Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, aliyekuwa na shamba kubwa sana huko Juja. Alipenda azikwe juu kabisa ya mlima huu. Alikufa mwaka 1925, na inasimuliwa kwamba gari lililouchukua mwili wake lilishindwa na ukali wa mlima, wakamzika pale liliposimama. Baadaye mke wake alizikwa kando yake.

Mke huyo alijenga Nairobi nyumba ya vitabu kwa ukumbusho wa mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931. Nyumba ile ingalipo, na leo kila mtu huingia akasoma. Lakini kwa miaka mingi ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Fikirini mambo hayo mawili pamoja. Watu ambao wazee wao waliomba wakiuelekea mlima ule walizuiwa mlango wa vitabu, na mgeni aliyekuwa na mali nyingi hakukifikia kilele alichokitaka. Mlima haukumchukia mtu, wala haukumpendelea mtu. Ulibaki pale pale.

Kileleni leo mtaona milingoti ya mawasiliano, maana hata sauti za watu hutafuta mahali pa juu. Siku isiyo na mawingu mtazamaji huona Kirinyaga upande wa kaskazini, na Kilimanjaro mbali upande wa kusini. Hapo ndipo mtu hufahamu kwa nini mlima huu ulihesabiwa nguzo: mtu akisimama hapo, nchi yote i wazi mbele yake. Kisha hushuka, hutazama maporomoko ya Athi, na kabla ya usiku amekwisha rudi mjini.

Wasikilizaji, wako watu wa mjini wanaosema kwamba wameushinda mlima, kwa kuwa wamefika juu yake. Mlima haushindwi. Mpandaji ni mgeni, na mgeni mwema huuliza jina la mwenyeji wake, hatupi takataka katika ua wake, wala hakati miti yake.

Basi nawapa kazi, hasa nyinyi wanafunzi. Kilima kilicho nyuma ya nyumba yenu kina jina. Mwendeeni babu au bibi, mkamwamkie kwa adabu, mkamwulize: Kiliitwaje zamani? Kwa nini? Je, palikuwa na mahali ambapo watu hawakukata kuni? Andikeni majibu katika daftari, kisha mkipande kilima hicho, mkatazame kama miti ile ingalipo. Vitabu vya Wakikuyu viliandikwa na Wakikuyu waliouliza wazee wao. Vya Karagwe havitaandikwa na mtu wa Nairobi. Mzee akifa kabla hajaulizwa, jina la kilima huzikwa pamoja naye, na kilima kisicho na jina ni rahisi kukatwa miti yote.

Kwa herini.