Filamu nayo ikunjwe ingali mbichi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuwaambia wazazi msemo huu wanapolea watoto. Leo nawaambia vijana wetu wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi, wale walioshika kamera wakatengeneza filamu fupi.

Kazi yao ni ya kusifiwa. Ila desturi iliyoenea ni kutuonyesha filamu ikiwa imekwisha: muziki umewekwa, majina yameandikwa, nakala zimesambazwa. Hapo mtazamaji hana msaada wowote wa kutoa, ila kupiga makofi au kununa. Mimi nasema filamu ituletewe ingali na viraka, tuitazame, tuseme, kisha irudi mezani kwa mhariri.

Kumwuliza mtazamaji si jambo geni hapa nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza filamu za kufundishia huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Wakazunguka nazo kwa lori Afrika Mashariki, na maoni ya watazamaji yakaandikwa. Lakini nia yao kubwa ilikuwa kujua kama somo limemwingia mwananchi.

Miaka ya 1990, kule Mtwara, mambo yalikwenda vingine. Kundi la Maneno Mengi lilifanya kazi ya video pamoja na wavuvi waliokuwa wakilia na uvuvi wa baruti. Picha zilirudishwa kijijini zikiwa hazijakamilika. Watu wakajitazama, wakabishana, wakakubaliana la kusema, na hoja zao zikafikishwa kwa wenye mamlaka. Hapo mwananchi hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mwenye habari yake.

Kwa nini Katavi tulihitaji jambo hili? Chukua mfano wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Katika makazi hayo na Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014. Sasa kijana aende Katumba, ampige picha mama anayeuza mihogo, na chini ya sura yake aandike neno "mkimbizi". Kwa kijana hilo ni neno moja tu. Kwa mama yule ni uraia wake kutiliwa shaka mbele ya watu. Wanawe wataulizwa shuleni, naye ataulizwa sokoni. Filamu hiyo ikionyeshwa Katumba ikiwa mbichi, neno litafutwa kwa dakika mbili. Ikishaingia kwenye simu za watu, mwaka mzima hautoshi kulifuta.

Au chukua mkwaju wa Katabi, karibu na Ziwa Katavi, mahali watu wanapopeleka sadaka kuomba baraka. Mgeni wa mila hiyo ataweka muziki wa kutisha, na mzimu wa wazee ataugeuza jini la sinema. Wazee wapo. Waulizwe kabla.

Sasa, kuuliza nako kuna namna yake. Ukisimama mbele ya watu ukasema, "Je, filamu ni nzuri?", wote watajibu ni nzuri, kwa kuwa sisi ni watu wa heshima na hatupendi kumvunja mtoto moyo. Uliza hivi: Huyu mzee alikuwa anataka nini? Ni wapi ulipotea? Nani amesemwa hapa asivyo? Kisha nyamaza, andika, usijitetee. Wanawake na vijana waanze, na mheshimiwa aliyekaa kiti cha mbele aseme mwisho. Akitangulia yeye, waliobaki watamwitikia tu.

Najua wapo watakaosema kazi itaibwa. Hofu hiyo ina sababu, maana wezi wa kazi za sanaa tunao. Basi onyesha mwenyewe kwa projekta na shuka jeupe, usimwachie mtu nakala. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 nayo ipo, kwa hiyo mwone ofisa utamaduni kabla ya kukusanya watu.

Wapo pia wanaohofu kwamba kila mtu akisema, filamu itakuwa ya kamati. La hasha. Mtengenezaji ndiye mwenye mkasi. Mtu akitaka mwisho uwe wa furaha, anaweza kumsikiliza na kumkatalia. Lakini akiambiwa, "Huyu ni mimi, na sikusema hivyo," hapo hana haki ya kuziba masikio.

Vijana wetu wana vifaa, na hadithi za Katavi ni tele. Kilichobaki ni ujasiri wa kuonyesha kazi kabla haijapambwa. Sisi nasi tufike, tukae mpaka mwisho, tuseme kweli bila kejeli.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.