Mashine ya kutoboa barafu na motere yetu ya ziwani

(Mazungumzo ya mwanachama mumoja katika mukutano wa mwezi, Baraka. Tumeyaandika vile aliyasema, tumepunguza kidogo tu.)



Mwezi uliopita, hapahapa, tuligombana juu ya motere ya mutumbwi. Tangu Septemba haiwaki. Wengi walisema kijana anayeilinda njo aliiharibu, basi alipe sanduku la chama. Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza juu nilikumbuka siku moja nilimushitaki mwenzangu juu ya motere, na nilikosea. Prezida ameniomba niwaeleze ile habari. Itaanzia mbali, ku barafu, lakini itarudi hapa ku Tanganyika.

Munajua wengine wetu tulitoka kambi ya Lugufu tukapelekwa Marekani. Mimi walinipeleka Fargo, katika North Dakota. Kule mwezi wa kwanza baridi inashuka mpaka digri 25 chini ya ziro. Ziwa linakauka juu kama sima ya nyumba. Watu wanatembea juu yake, na barafu ikinenepa sana hata gari inapita. Mimi mutoto wa Tanganyika nikajiuliza: sasa samaki wanavuliwa namna gani?

Wanatoboa tundu. Na barafu inaweza kuwa nene ya sentimita 60 ao zaidi. Ukichukua shoka, utatoka jasho mpaka jioni. Kwa hiyo wako na mashine. Juu kuna motere ndogo na mikono mbili ya kushikilia. Chini kuna chuma kirefu kilichojizungusha kama parafujo kubwa, na ku ncha yake visu viwili. Inakata tundu la upana wa sentimita 20 ao 25. Visu vikiwa vikali, hata dakika moja haiishi, maji yanapanda. Unashusha ndoana, unakaa ku kiti chako. Kuna samaki mumoja mudogo wa mistari, sisi tulikuwa tunasema ni ndugu ya mukeke kwa utamu.

Ile mashine nilinunua pamoja na mwenzangu, naye mutu wa Fizi. Mwaka wa kwanza ilifanya kazi muzuri. Barafu ilipoisha tukaiweka ndani ya garaji, esansi ikiwa imebaki ndani. Mwezi wa 12 tukaenda nayo ku Devils Lake, karibu saa tatu ya njia. Tukavuta kamba. Tukavuta tena. Bega likauma, vidole vikakufa baridi, mashine kimya. Hapo nikamugeukia mwenzangu: "Wewe njo uliiazimisha watu. Wewe njo uliiharibu. Utanirudishia pesa yangu." Hakujibu kitu. Aliangalia chini tu.

Muzee mumoja Muzungu, aliyekuwa anavua karibu na sisi, alisikia makelele akakuja. Hakuuliza nani ameharibu. Aliuliza neno moja: "Hii esansi ni ya lini?"

Wandugu, ile njo swali. Esansi ilikuwa ya mwezi wa tatu, miezi tisa ndani ya tanki. Na mutu wa mwisho kuiweka garaji nilikuwa mimi.

Yule muzee alitufundisha kupima kwa mupango, bila kuruka. Nawapa vilevile alivyotupatia.

Kwanza, esansi. Esansi inazeeka. Ikikaa miezi inabadilisha harufu, inanuka kama rangi ya mbao, na inaacha utomvu unaoziba vitundu vidogo vya karbiratere. Tena esansi mingi ya Marekani imechanganywa na alkoli, na alkoli inavuta maji. Ku baridi ile maji inaganda ndani ya mupira wa esansi, basi njia imefungwa. Dawa yake: mwaga yote, weka mupya.

Pili, mafuta. Ile motere ni ya kuchanganya, kama zile nyingi za mitumbwi yetu. Haina fasi yake ya mafuta. Mafuta inakuja ndani ya esansi. Ukitia esansi tupu, chuma inakula chuma, na motere inashikana hapohapo. Ukizidisha mafuta, inatoa moshi na buji inachafuka. Kila motere iko na namba yake, imeandikwa ku mufuniko ao ndani ya kitabu: 24, 32, 40, 50. Hesabu yake ni nyepesi. Mafuta mililita 100, namba 40, esansi litre 4. Namba 50, esansi litre 5. Namba 24, litre 2 na desilita 4. Hapana kupima kwa macho.

Tatu, hewa. Motere ikiwa baridi, unafunga kile kibati cha hewa, unavuta. Ikikohoa mara moja, unafungua nusu, unavuta tena. Ikiwaka, unafungua yote. Wengi wanakosea hapa: wanaacha imefungwa, wanavuta mara 20, motere inazama ndani ya esansi.

Nne, buji. Itoe uiangalie, itakuambia yenyewe. Kama imelowana, esansi inafika, shida ni moto, ao umeizamisha. Kama imekauka nyuma ya kuvuta sana, esansi haifiki, rudi ku tanki, ku mupira na ku karbiratere. Ku kujua kama moto iko, panguza esansi yote iliyomwangika, sogea mbali na bido, rudisha buji ku kofia ya waya wake, gusisha chuma yake ku chuma ya motere, mwenzako avute kamba. Cheche ya bluu, muzuri. Hakuna cheche, jaribu buji mupya kwanza, kabla hujasema motere imekufa.

Ya mwisho njo karbiratere. Ya mwisho, hapana ya kwanza! Sisi tunapenda kuanza na bisi za karbiratere, tunazungusha huku na huku, tunaongeza shida juu ya shida.

Siku ile tulimwaga esansi, tukachanganya ingine, tukabadilisha buji. Iliwaka, ikikohoa. Nyumbani tuliosha karbiratere, ikapona kabisa. Mwenzangu nilimuomba samahani mbele ya yule muzee. Alinisamehe, lakini siwadanganyi: ile siku ilibaki kati yetu muda murefu. Motere ilipona haraka kuliko urafiki.

Ku kutumia, nasema kwa kifupi. Barafu ya sentimita 10, ngumu na safi, inabeba mutu mumoja anayetembea. Ile nyeupe ya theluji nguvu yake ni nusu tu. Unapanua miguu, unashikilia mikono yote mbili, juu visu vikikamata, mashine inataka kukuzungusha wewe. Hapana kuvaa kitambaa kinachoning'inia. Hapana kukandamiza, visu vikali vinashuka vyenyewe. Ukiona barafu inatoka kama unga badala ya vipande, visu vimeisha makali. Ukiisha kutoboa, toa chuma ku tundu, usiiache mule, itagandamana. Na kama visu vinazunguka wakati hujaongeza moto, zima, motere inataka fundi.

Lakini kuna jambo moja sitapita haraka. Mwaka wa pili upepo ulikuwa mubaya, tukajenga hema juu ya barafu. Tundu liliganda. Mwenzangu akawasha mashine ndani ya hema, mulango umefungwa, akaiacha inguruma kidogo ipate moto. Mimi kichwa kilianza kuuma, magoti yakalegea, nikadhani ni baridi. Nilipomuangalia, ndoana ilikuwa imemutoka mukononi na hajui. Nilimukokota inje kwa makwapa. Alitapika, akalala ku theluji, karibu saa nzima hakuweza kusimama. Tulipaswa kwenda hospitali na hatukwenda. Tulimushukuru Mungu tu.

Ule moshi uko na hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Hauisikii ikikuja. Inaleta usingizi, na mutu analala moja kwa moja. Hapa kwetu hatuna hema ya barafu, lakini tuko na grupu. Ni wangapi kati yetu wanawasha grupu ndani ya nyumba usiku, juu wanaogopa wezi? Ni wangapi wanalala na babula ya makala, mulango umefungwa? Ni sumu ileile. Grupu inje, mbali na dirisha. Wakiiba, tutachanga ingine. Mutu hatutamuchanga.

Sasa nirudi ku motere ya chama. Simutetei kijana, wala simushitaki. Nauliza swali la yule muzee: esansi iliyo ndani ni ya lini? Ilinunuliwa wapi? Kama ni ya wakadafi wa ku barabara, nani aliiacha itulie ndani ya chupa nyeupe ili aone kama kuna maji chini? Nani alipima mafuta, na kwa kipimo gani? Buji ilibadilishwa lini? Mwezi uliopita watu 11 walisema juu ya motere hii. Hata mumoja hakusema amefungua tanki.

Naomba mambo mawili. La kwanza, siku ya posho asubuhi tukutane ku mwalo, kijana mwenyewe akiwepo, tupime kwa ule mupango mbele ya wote. Buji mupya nitaileta mimi. Tukikuta motere imeshikana juu ya kukosa mafuta, tutajua tuulize nani alitia esansi siku ile. Tukikuta ni esansi ya zamani tu, basi kosa ni letu wote tuliosafiri tukaiacha. La pili, tununue kaye moja ikae pamoja na motere. Kila anayetia esansi aandike siku, litre ngapi, mafuta ngapi, na jina lake.

Tulirudi hapa kila mutu na kidogo chake. Wengine walirudi na mabati, wengine na cherehani. Mimi nilirudi na lile swali, na leo nawaachia.