Blogu ya Kijana Wetu: Nani Atalipa, na Atalipa Lini?

Mazungumzo ya kamati ndogo ya fedha katika mkutano wa mwaka wa chama, Dar es Salaam



Tumepewa dakika ishirini, na tumeonywa kwamba wahasibu wakishika kipaza sauti pilau linapoa. Kwa hiyo tunaingia kwenye hoja.

Mwaka huu kamati imepokea maombi ya aina mpya kutoka kwa vijana wa nyumbani. Zamani waliomba cherehani, mbegu, pampu ya maji. Safari hii vijana kumi na mmoja wameomba chama kiwakopeshe shilingi 800,000 kila mmoja waanzishe blogu zao binafsi na kujipatia kipato. Barua ziliposomwa kwenye kikao, mzee mmoja aliuliza kama ni zile bloku za kujengea, maana kama ni hizo yeye anaunga mkono.

Tulicheka pamoja naye, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Wazazi wawili walitupigia simu wakitaka ushauri, na mmoja alikuwa ameshauza ndama kulipia semina ya siku mbili mjini. Kijana wake aliambiwa huko kwamba baada ya miezi mitatu atakuwa anapokea mamilioni kutoka Google akiwa amelala. Ndama amekwenda, na blogu ina makala nne. Kabla chama hakijatoa hata senti, tumeona tuwaeleze fedha ya blogu inatoka wapi hasa, kwa anayeanza, asiye na jina.

Blogu ni daftari lililo wazi kwenye intaneti. Unaandika, unaweka picha, na mtu yeyote mwenye simu janja anasoma. Kuifungua ni bure. Watanzania tuna mfano mzuri: Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, akihimizwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa kublogu kwa Kiswahili. Wengi wenu mliokuwa masomoni nje mnakumbuka mlivyokuwa mkifungua kila asubuhi kuona sura za nyumbani. Vijana wanamtaja Michuzi kama ushahidi kwamba inalipa. Sawa, lakini angalieni alichoingia nacho. Alikuwa tayari mpiga picha wa gazeti, mwenye kamera, mwenye kujuana na watu, na picha alikuwa anazipiga kila siku kwa sababu ndiyo kazi yake. Hakuanza na ukurasa mtupu.

Sasa matangazo. Google wana mpango unaoitwa AdSense. Wenye biashara wanawalipa Google, Google wanaweka matangazo kwenye kurasa za watu, na mwenye ukurasa anapata fungu lake. Ni mpango halali na watu wanalipwa kweli. Kuna masharti: uwe na umri wa miaka 18, maandishi yawe yako mwenyewe na si ya kunakili gazetini, na fedha haitumwi mpaka ifike dola 100. Ikifika dola 10, wanakutumia barua ya karatasi kwa posta, yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Kwa hiyo kijana wa enzi za intaneti anajikuta anahitaji sanduku la posta la baba. Hili peke yake limekwamisha wengi, maana S.L.P. ya shule aliyomaliza miaka mitano iliyopita haimfikii tena.

Tupige hesabu, maana ndiyo tuliyosomea. Tuseme kijana wetu amejitahidi, na ukurasa wake unafunguliwa mara 200 kwa siku. Kwa anayeanza hiyo ni kazi kubwa. Kwa mwezi ni mara 6,000. Tuseme kila mara 1,000 zinamwingizia nusu dola. Tumechukua kiwango cha chini kwa makusudi: wenye matangazo hulipia zaidi kumfikia msomaji wa Ujerumani au Marekani kuliko msomaji wa Tanzania, na blogu ya kijana wetu itasomwa kwanza na sisi. Basi kwa mwezi ni dola 3. Ukizibadili kwa shilingi 2,500, ni shilingi 7,500. Bando lake tuseme ni 15,000. Kila mwezi anapoteza 7,500, na ile dola 100 ya kwanza ataiona mwezi wa thelathini na nne. Mkopo wetu tulipanga urudishwe kwa miezi kumi na minane.

Mtu atasema, basi tumsaidie, sote tuko elfu kadhaa kwenye makundi ya WhatsApp, tuwe tunabofya matangazo yake. Jamani, hapo ndipo mtakapomuua kwa mapenzi. Google wanafuatilia mibofyo. Wakiona watu wanabofya matangazo ili kumfaidisha mwenye ukurasa, wanaweza kufunga akaunti na fedha iliyokusanyika isilipwe. Ukitaka kumsaidia mtoto wa dada yako, soma alichoandika, mtumie mwenzako anayekihitaji, na tangazo bofya pale tu unapotaka kweli kununua kitu. Na kijana asibofye ya kwake mwenyewe hata mara moja, hata kwa kujaribu.

Kwa nini basi hatukuzichana zile barua? Kwa sababu matangazo ni mlango mmoja tu, na kwa anayeanza ndio mwembamba kuliko yote. Blogu ndogo inalipa pale inapomleta mtu kwenye kitu ambacho tayari kinauzwa. Na sisi nyumbani tuna vya kuuza.

Chukua mkulima wa nyanya. Kanitangaze wakiingia shambani anahangaika, anashika simu saa tano usiku na kutafuta dawa. Anachokipata ni maelezo ya Kiingereza ya nchi nyingine, au tangazo la kampuni. Kijana wa Mlalo anayekwenda shambani kwa mama yake, akapiga picha ya jani siku ya kwanza, ya nne na ya kumi, akamhoji bwana shamba, akaandika nini kilisaidia na kwa bei gani, huyo ana kitu ambacho mkulima wa Iringa na wa Arumeru atakisoma mpaka mwisho. Wasomaji wake hawatakuwa laki, watakuwa mia tatu. Lakini wote mia tatu wananunua mbegu na dawa. Mwenye duka la pembejeo Mombo akiwekewa tangazo pale kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hana hasara. Maduka matatu ni 60,000. Linganisheni na ile 7,500 ya Google. Hapo hakuna kusubiri dola 100 wala barua ya posta, fedha inaingia kwenye simu.

Au chukueni ua letu. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul alilikuta ua dogo la zambarau katika milima yetu, akapeleka mbegu kwao. Leo linapandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote, na Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Yaani jina la milima yetu linatamkwa kila siku na kina mama ambao hawajui kama Usambara ni mahali. Wapenzi wa maua hayo wana vyama vyao na wanasafiri. Vivyo hivyo wapenzi wa vinyonga: Usambara ya Magharibi ina wa kwetu mwenye pembe mbili puani, na wataalamu hawakuhangaika kutafuta jina la Kilatini, wakaita jenasi nzima Kinyongia. Mtoto wa Magamba anayemwona kila wiki akienda kuchanja kuni hajui kwamba kuna mtu atakayepanda ndege kuja kumpiga picha. Huyu mtoto akiandika kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, kwa ukweli, mwezi gani njia inateleza, basi la kutoka Mombo linapanda saa ngapi, nyumba ipi inapokea wageni na maji ya moto yapo au hayapo, atamleta mgeni. Wageni wawili wakilala siku tatu kwenye nyumba ya mama mmoja, na yeye akapewa asilimia kumi waliyokubaliana, amepita mapato ya matangazo ya miezi mingi.

Tuwe waangalifu hapo. Kuongoza watalii kuna leseni yake, na kijana asijifanye mwongozaji kwa sababu ana blogu. Amuunganishe mgeni na waongozaji wenye leseni, na makubaliano yawe kwenye karatasi. Tumeona undugu mwingi ukivunjika kwa ajili ya asilimia ambazo hazikuandikwa.

Msomaji wa kinyonga anataka Kiingereza, wa nyanya anataka Kiswahili. Kijana achague mmoja kwanza. Anayeandika leo kinyonga, kesho Simba na Yanga, keshokutwa mapenzi, hapati hata mmoja kati yao, na zaidi ya nusu ya zile barua kumi na moja zilikuwa za namna hiyo. Mmoja aliandika kwamba blogu yake itahusu "mambo mbalimbali". Tulimrudishia.

Serikali, kwa kifupi. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA. Mwanzoni leseni peke yake ilikuwa shilingi milioni moja, na blogu nyingi ndogo zilisimama. Baadaye kanuni zilibadilishwa na ada ikashuka. Anayetaka kuandika habari na siasa asianze kabla ya kuulizia leseni. Anayeandika kilimo naye aulize, kwa maandishi, na jibu alitunze. Upande wa TRA, kwa mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, na asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Aliyeuza milioni 4 na nusu akiwa na daftari analipa 15,000; jirani yake asiye na daftari anatoa laki. Tunaomba wazazi mkariri mfano huo, maana daftari lenyewe halifiki hata shilingi elfu tatu. Na tangu Sheria ya Fedha ya 2024, mtengeneza maudhui wa mtandaoni akilipwa na kampuni ya hapa anaweza kukatwa zuio la asilimia 5. Akikatwa adai hati yake. Laini ya simu ya kupokelea fedha za blogu iwe ya peke yake, isichanganywe na ya vocha na michango ya harusi.

Sasa pendekezo. Mikopo kumi na moja ya 800,000 ni shilingi 8,800,000. Kamati inapendekeza tusiitoe. Badala yake tutengeneze chumba kimoja katika shule ya sekondari ya kata, kifunguliwe mchana baada ya masomo na Jumamosi, kwa vijana wote. Kompyuta nne za mezani zilizotumika, 1,800,000. Sola na betri, 1,400,000. Intaneti ya miezi kumi na miwili, 1,200,000. Posho ya mwalimu msimamizi kwa muda huo huo, 1,200,000. Kamera moja ya kuazimana, 600,000. Majina ya tovuti na usajili, 200,000. Jumla 6,400,000, na risiti zote zitabandikwa ukutani kwenye chumba hicho hicho.

Kuna sharti moja tumelijadili mpaka usiku. Kijana hapewi nafasi ya tovuti mpaka alete makala ishirini zilizokamilika, za kuandikwa kwa kalamu kama hana simu, juu ya jambo moja analolijua. Vijana wawili waliokuwa kwenye kikao walilalamika kwamba ishirini ni nyingi. Mama mmoja wa Mtae, ambaye amelima mapeasi maisha yake yote, aliwauliza wanadhani mpeasi unazaa mwaka wa ngapi. Sharti likabaki. Kati ya waombaji kumi na mmoja, watatu wameshaleta makala zao kamili: mmoja wa nyanya, mmoja wa njia za msitu wa Magamba, na binti mmoja anayeandika bei za kabichi na karoti za kila gulio, pamoja na ukubwa wa lumbesa. Huyo wa mwisho madalali hawatampenda, na sisi tunamtazamia kuliko wote.

Miezi kumi na miwili ikipita bila blogu hata moja kuingiza shilingi, kompyuta zinabaki mali ya shule, na wanafunzi wa kidato cha kwanza watazitumia. Ikiwa zitaingiza, kijana atarudisha asilimia kumi ya mapato yake kwenye bili ya intaneti mpaka chumba kijitegemee.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki. Mnaweza kutia alama kifaa kizima au sehemu yake. Mwezi mmoja wa intaneti ni 100,000, na familia tatu zinaweza kuugawana. Tunazikusanya kabla ya chakula, na wale walio nyuma karibu na mlango tunaanza nao.