Kasiksi iko tayari kwa chupa siku gani?
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Bukavu)



Mulituomba tuseme juu ya kasiksi, kwani tangu turudi njo kazi inalisha wengi kati yetu. Ndizi zinatoka Kabare na Walungu, tunakamua, tunauza Kadutu. Sasa wengi wanataka kuacha bidoni ya litre 20 na kutia mu chupa. Ni sawa, chupa inaleta bei. Lakini bidoni ikijaa gesi inavimba, unaiona. Chupa ya kioo haivimbi, inapasuka tu.

Kila mutu alirudi na hesabu yake. Waliokaa Kagera wanajua lubisi, waliotoka Uganda wanajua tonto, waliopita Rwanda wanajua urwagwa. Zote ni ndizi na unga wa mtama. Mumoja anasema siku mbili, mwingine tatu. Hatutaki kuwakatia maneno, kila hesabu ilikuwa ya kweli kule ilikotoka. Hapa Bukavu tuko juu, karibu metre 1,500, na usiku ni baridi.

Chachu ni kitu chenye uhai. Inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Kwenye joto inakula mbio, kwenye baridi inalala. Inalala, haikufa. Huo njo mutego. Asubuhi unakuta chombo kimya, unasema imeisha, unafunga. Mchana jua linapiga bati, chachu inaamuka, sukari ingalimo, na gesi haina mulango.

Mama mumoja wa kwetu alitia pesa yote ya likelemba mu chupa zake za kwanza. Zilipasuka saa sita ya mchana, chini ya kitanda cha watoto. Mungu ni mwema, watoto walikuwa masomoni.

Basi, musihesabu siku. Muulize kasiksi yenyewe, namna hii:

Kwanza, sikio. Sikiliza mchana, wakati wa joto. Kama ingali inachemka na povu inapanda, acha.

Pili, ulimi. Onja kila siku, saa ile ile. Utamu wa ndizi ukiwa ungali wazi, sukari iko. Ngoja utamu uondoke na ukali wa pombe ubaki.

Tatu, chupa ya plastiki. Chuja na kitambaa safi, jaza chupa moja ya maji ya kununua, uache vidole viwili juu, funga sana. Iweke pahali pa joto, karibu na mbabula lakini si juu ya moto, mpaka kesho. Ukiifinya na imekuwa ngumu kama jiwe, usitie hata chupa moja ya kioo. Ikifinyika kama jana, endelea.

Mwenye kupata densimetri apime siku mbili zenye kufuatana: namba isiposhuka tena, chachu imemaliza.

Lakini musingoje bila mwisho. Kasiksi yenye kukaa wazi inaingiwa na hewa, inageuka siki, na siki haina muteja. Primus inakaa miezi kwa sababu kiwanda kinaipasha moto kuua chachu. Yetu ingali hai. Musiahidi muteja mwezi, muahidi siku chache. Chupa zioshwe na maji ya moto, zikae kivulini, mu sanduku lenye kifuniko, mbali na watoto.

Tumepatana hivi: hakuna chupa itauzwa kwa jina la chama kama ile ya plastiki haijapita usiku mumoja. Mwenye haraka auze mu bidoni, na kifuniko kisikazwe. Faida ni ndogo, lakini mutaji unarudi nyumbani.